Upepo Haukuangusha Ndizi Zetu

“Upepo ulituangushia ndizi, nikakaa nje ya shule mwaka mzima, lakini baba hakukata tamaa.”

Hayo ni maneno yako, Gatwiri mwanangu. Uliyasema jana hapa uani, kikombe cha chai mkononi, na watu wa kanisa wakakupigia makofi. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akanigusa bega. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Unanijua. Nimebishana na wahariri wa magazeti, na machifu, na walimu wakuu watatu, na wahubiri, na baba yangu mzazi. Sentensi ya uongo ikipita mbele yangu huwa sikai kitako. Hiyo yako niliiacha ipite kwa sababu ilikuwa inanitetea.

Leo naijibu. Ni alasiri, manyunyu yameanza, nakusikia chumbani ukikunja nguo na kuzikunjua tena. Kesho asubuhi ndugu yako Mwenda atakupeleka Embu, na kabla ya chakula cha mchana utakuwa na ufunguo wa nyumba yako kule mtaa wa Dallas. Mambo ya gesi na kufuli na majirani hutayapata hapa. Kila mgeni wa jana amekwisha kukuambia, na wengine wamekuambia mara mbili.

Nianze na ushahidi, maana mambo yote mengine yanaufuata.

Shamba letu la ndizi lina nusu mbili. Ya juu inaanzia nyuma ya jikoni. Ya chini inateremka mpaka kwenye mfereji wa maji. Upepo ule wa kuleta mvua ya mwezi wa tatu ulikuja mchana mmoja, ukang'oa mabati mawili ya zizi, ukapita. Nilipotoka kutazama, nusu ya juu ilikuwa imesimama. Majani yamechanika, lakini migomba imesimama. Nusu ya chini ilikuwa imelala yote, imeelekea upande mmoja, mikungu mibichi chini ya matope na mashina yakitazama juu. Ng'ambo ya ua, ndizi za jirani yetu Mutuma zilikuwa zimesimama vilevile kama asubuhi.

Upepo ni mmoja. Mteremko ni mmoja. Miche ilitoka kwenye gari moja, siku moja. Upepo unaochagua nusu ya shamba la mtu mmoja na kuruka ua wa jirani, huo haujaandikwa mahali popote, na mimi nimesoma mengi.

Wewe hukuyaona haya. Ulikuwa bwenini, kidato cha kwanza wakati tukipanda na kidato cha tatu wakati zikianguka. Ulichojua ni kile ulichoambiwa. Sasa nakuambia mimi.

Unajua kwetu mgomba hupandwa na mwanamume. Babu yako hakumruhusu mwanamke hata mmoja kuchimba shimo la ndizi. Lakini majani, yaani magugu, yakishaota, kazi inakuwa ya mwanamke, na mwanamume akionekana amepiga magoti shambani akiyang'oa, sokoni watauliza kama mkewe ndiye anayevaa suruali nyumbani. Mimi nilikuwa mtu wa vitabu. Nilizicheka mila hizo darasani na kuziandikia magazetini. Hiyo moja sikuicheka, kwa kuwa ilinifaa.

Tulipopata ile miche ya ndizi iliyooteshwa maabara, nilichimba mashimo yote mwenyewe, nikaweka samadi, nikapanda kabla ya mvua ya mwezi wa kumi. Kazi nzuri. Hata Mutuma alikuja kupima umbali wa mashimo yangu kwa hatua zake. Kisha chifu akaita baraza, na afisa wa kilimo, msichana ambaye labda ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya wazee, akasema: “Wazee, hii miche ni kama mtoto ametoka hospitali juzi. Miezi tano ya kwanza msiache majani ikaribie. Ikimaliza chakula yake hapo mwanzo, hata mukiipea samadi baadaye haitawalipa.”

Niliinuka. Nani aliniomba niinuke? Nikamwuliza: “Binti yangu, porini ni nani hupalilia?” Watu wakaanza kucheka. Nikaendelea: “Mgomba ukishashika hujipalilia wenyewe. Kivuli chake ndicho jembe lake.” Chifu mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia. Msichana akafunga daftari lake na kuketi.

Ile sentensi yangu ilikuwa na nusu ya ukweli, na ndiyo maana ilitembea mbali. Migomba iliyokomaa, majani yake yakikutana juu, hunyima nyasi jua na nyasi hudhoofika. Ni kweli. Lakini mche unaokufikia magotini una kivuli gani? Jua linafika chini lote. Samadi uliyouwekea, nyasi ya sangari inaila. Mvua ikinyesha, sangari inakunywa kwanza. Mizizi ya ndizi ni michache na iko juujuu tu, haina mbio za kushindana na nyasi inayotembea chini ya ardhi usiku na mchana. Haya yote yule msichana aliyajua. Nami ningeyajua kama ningenyamaza.

Mwezi wa kumi na moja nyanya yako wa Runyenjes akaanguka, na mama yako akaenda kumuuguza. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa na mfuko wa nguo na kuku mmoja.

“Baba Gatwiri,” akasema, “sangari imeanza kule chini. Usiiache.”

“Nenda salama. Itajimaliza.”

“Sangari haijimalizi. Hata wewe unajua.”

Alikaa miezi mitano. Alipiga simu kila Jumapili, akauliza habari zako, habari za Mwenda, habari za ng'ombe, na mwisho akauliza: “Ndizi je?” Nami nikajibu: “Ziko.” Sikusema uongo. Zilikuwapo.

Zilikuwa zimezama. Sangari, na kishona nguo, na yale majani ya kutambaa yenye maua ya buluu ambayo ukiyakata na kuyatupa yanaota pale ulipoyatupia. Nilikuwa nikikatiza shambani asubuhi kwenda shule, nikafika darasani suruali imejaa mbegu za kishona nguo mpaka magotini. Kijana mmoja wa nyuma akasema, “Mwalimu leo amebeba shamba.” Niliketi ofisini kila asubuhi nikizitoa mbegu hizo moja moja kwa kucha. Muda niliotumia kuzitoa kwenye suruali ungenitosha kupalilia mstari mmoja. Niliona hesabu hiyo waziwazi hata wakati ule, na nikaendelea kuzitoa.

Mche ulionyimwa chakula haukufa. Hilo ndilo lililonidanganya. Ulibaki pale, majani yakigeuka manjano kutoka ukingoni, shina jembamba kama mkono wangu, huku mashina ya Mutuma ya umri uleule yakiwa kama paja. Kitu kinachokufa kingenistua. Hiki kilikuwa kinabaki kidogo tu.

Mama yako alimzika mama yake, akarudi baada ya Pasaka. Alisimama nyuma ya jikoni na mfuko bado begani, akatazama shamba muda mrefu. Kisha akaingia jikoni kuwasha moto. Mimi nilikuwa na hoja tatu nimeziandaa, nikabaki nazo.

Kesho yake alichukua panga na gunia la kupigia magoti, akaanza nusu ya juu. Karibu na shina hakutumia chuma. Alitumia vidole. Aliufuata mzizi mweupe wa sangari polepole kama mtu anayevuta uzi kwenye pindo la nguo, asiukate, kwa sababu kila kipande kinachokatika kinaota. Katikati ya mistari alifyeka kwa panga, na zile nyasi alizofyeka, zikishakauka, akazitandaza kuzunguka shina, lakini si kulibana. Mashina manne kwa siku, au matano, kisha akaenda kwenye mahindi, kisha kwa ng'ombe, kisha jikoni. Mimi nilikuwa nikisoma gazeti.

Migomba ya juu ikarudi kijani. Lakini ile miezi ya mwanzo haikurudi. Ilichelewa kuzaa, na ilipozaa, mkungu ulikuwa na vichana vinne au vitano mahali ambapo Mutuma alikuwa na tisa. Mnunuzi aliyekuja na lori aliizunguka mara moja, akasema, “Hizi ni za kula nyumbani, mwalimu,” akaenda kwa Mutuma.

Tumaini lilibaki kwa nusu ya chini. Mama yako hakuwa ameifikia vizuri, sangari ilikuwa nene kama mkeka, lakini kule karibu na mfereji kuna maji na mikungu ilikuwa imeanza kutoka. Ilikuwa likizo ya Desemba. Mutuma akaegemea ua.

“Mwalimu, hiyo kivuli yako iko likizo pia?”

Nikamwambia afanye kazi yake.

“Mimi nimemaliza yangu. Tangu ile baraza nangoja hiyo kivuli ianze kulima, nikuje nijifunze.”

Maneno hayo tu. Miaka yote mama yako aliniambia kwa upole, sikusikia. Mutuma alicheka mara moja nikaingia stoo nikatoka na fokojembe, lile jembe la meno.

Nilichimba siku tatu. Nilichimba kwa hasira, mpaka kwenye mashina yenyewe, meno ya jembe yakizama yote, nikipindua mabonge ya udongo na kuyapiga. Ilipendeza macho. Udongo mweusi, safi, hakuna jani. Siku ya pili mama yako akateremka, akasimama pembeni.

“Usichimbe karibu namna hiyo.”

“Sangari lazima ifuatwe mpaka chini. Imeandikwa.”

“Imeandikwa ya mahindi. Ndizi mizizi yake iko hapa juu.”

“Nionyeshe ni wapi imeandikwa hivyo.”

“Sibishani na wewe. Chutama.”

Nilichutama. Alifukua udongo kwa vidole viwili, kina cha kiganja tu, akanionyesha mizizi ya mgomba. Ilikuwa imenyooka kutoka kwenye shina, myeupe, minene kama kamba ya kuanikia nguo, mingine imekatwa na mimi asubuhi ile na inatoa maji. Niliiona, Gatwiri. Usiseme sikujua. Niliiona, nikaigusa, nikajua ana haki. Kisha nikainua kichwa nikamwona Mutuma bado yuko kwenye ua. Nikasimama, nikashika jembe, nikaendelea siku hiyo na siku iliyofuata mpaka mfereji.

Mikungu ikazidi kuwa mizito juu ya mizizi niliyoikata. Mama yako aliweka miti ya kuegemeza michache aliyoweza kubeba. Mwezi wa tatu upepo ukaja ukakuta kazi imekwisha kufanywa.

Wiki ile ile ulirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ambayo tuliitegemea kutoka kwa ndizi hizo. Nilikupeleka Majengo kwa binamu yangu, na ukakaa pale mwaka mzima ukisukuma chapati katika hoteli ya Mama Amina, wenzako wakiwa darasani. Nilikuja kukutembelea mara moja. Ulinipa chapati mbili kwenye karatasi, ukaniuliza kama bado naandikia gazeti. Nilisema ndiyo. Wiki hiyo nilikuwa naandika juu ya serikali inayowapuuza wakulima.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hayo mengine ni aibu ya kawaida.

Ndizi zilipoanguka watu walikuja kutupa pole. Walikaa hapo hapo ulipokuwa umesimama jana. Dada ya mama yako, Tata Muthoni, alikuwa amekuja kutoka Runyenjes. Mama yangu akasema, kwa sauti ya kusikika na wote: “Mwanamke akikaa kwao miezi mitano, nyasi itaolewa mahali pake.” Wanawake wengine wakacheka chini chini. Mama yako alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Alimaliza vikombe vyote, akaniletea changu mwisho, akasimama mbele yangu kidogo.

Alikuwa ananipa nafasi. Neno moja lingetosha. Ningesema: ni mimi. Mimi ambaye nimewajibu watu wasioniuliza. Nikapokea kikombe, nikasema, “Asante,” nikanywa.

Tata Muthoni aliweka chini chai yake kabla hajaionja, akachukua mfuko wake, akatoka. Hakurudi tena hapa mpaka siku ya kumzika mama yako, na siku hiyo alisimama upande wa wageni na kuondoka kabla ya chakula. Mwenda anasema ana moyo mgumu. Wewe pia ulisema hivyo. Sikuwasahihisha.

Sasa lile neno lako la upepo. Unadhani ulilitoa wapi? Alikupa mama yako. Siku uliyofika na sanduku lako, ulimwuliza nini kimetokea, nami nilikuwa mlangoni nikisikiliza atasemaje. Akasema, “Ni upepo, mwanangu. Upepo tu.” Hakunitazama. Yule niliyemwacha peke yake mbele ya watu alinifunika mbele ya mtoto wangu. Na baadaye, miaka yote mpaka alipofunga macho, hakuwahi kusema, “Nilikuambia.” Nilingoja aseme. Nilikuwa na jibu.

Sasa sina. Watu wanasema tangu tumzike nimetulia, nimekuwa mzee mwema. Sijatulia. Ni kama ile ganzi unapotoka kung'olewa jino: unagusa shavu na hujui kama ni lako au la mtu mwingine. Nasoma magazeti na naona uongo, na mkono hauinuki. Asubuhi naenda nusu ya juu, napiga magoti kwenye gunia lake, nang'oa kwa vidole kama alivyokuwa aking'oa. Mutuma hupita. Hasemi kitu. Ningependa aseme.

Sijui funzo ni lipi, nawe huhitaji nikutafutie. Nitakuambia tu nilichokuta ndani yangu. Wakati ule nilikuwa na hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, nzuri mpaka baraza zima likacheka, na kazi yake yote ilikuwa kunizuia nisipige magoti. Wewe unabishana vizuri kunishinda. Nimekusikia na nimejivunia. Siku ukijikuta na hoja tamu sana ya kutofanya kazi fulani, tazama ni nani anaifanya. Na ukichelewa, usiingie na fokojembe. Nilikupuuza mwaka ule wa Majengo, kisha uliporudi shuleni nikakukazia macho kila likizo, kila alama, kila daftari, mpaka ukawa huniambii kitu. Hiyo ilikuwa ni kuchimba pia. Uliposimama jana na kunisifu mbele ya watu, nilitambua ulikuwa unafanya alichofanya mama yako. Acha. Mmoja alitosha.

Sasa nataka mambo mawili, na sitayabembeleza.

Gatwiri, Jumapili yako ya kwanza Embu, kabla hujatafuta kanisa wala sofa, nenda Runyenjes kwa Tata Muthoni. Usimpe salamu zangu. Keti naye, umsomee barua hii kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza, na ufikapo mahali pa kile kikombe cha chai usiruke.

Na wewe Muthoni, unayesomewa: ulikuwa sahihi kuondoka. Mama yangu angali hai na masikio yake ni mazima. Njoo kabla ya mvua ya mwezi wa tatu, useme siku unayotaka, nami nitawaita wale wale waliocheka, na nitasema haya yote uani pale pale nikiwa nimesimama. Hutalazimika kunisamehe wala kunywa chai yangu. Nataka uwepo tu, kwa kuwa siku ile ulikuwapo.

Na kuanzia leo, nyinyi wawili, mtu akiwauliza ni nini kiliangusha ndizi za mke wangu Wawira, msitaje upepo. Mtajeni mwenye fokojembe, kwa jina lake kamili, kama nilivyoliandika hapa chini.

Baba yako,
Josphat Kirimi, mwalimu